Amplifaya ya hedifoni za elektrostatiki ukiwa Dodoma: kuchagua au kujenga mwenyewe

Ukimuuliza muuza vifaa vya muziki kuhusu amplifaya, kitu cha kwanza atakachokutajia ni wati. Kwa hedifoni za elektrostatiki, wati hazikwambii chochote. Ndani yake hamna koili wala sumaku. Kuna stata mbili, yaani mabamba mawili yenye matundu, na katikati yake umewambwa utando mwembamba mno wa plastiki, unene wa takriban maikromita 1 hadi 2. Utando huo umechajiwa volti mia kadhaa zisizobadilika, ambazo mafundi huziita bayasi. Amplifaya hupeleka muziki kwenye stata: volti zikipanda upande huu zinashuka upande ule, utando unavutwa na kusukumwa, nawe unasikia sauti. Mkondo unaotumika ni mdogo sana. Volti ndizo kubwa, tena za kuua mtu.

Maelezo mengi kuhusu amplifaya hizi yameandikwa na watu ambao umeme wao ukutani hauchezi. Ukiwa katika mitaa ya Dodoma kama Nkuhungu, Ipagala au Kisasa, mpangilio wa maswali unageuka: kwanza umeme wako, halafu hedifoni yako, mwisho ndiyo saketi na jina lake kubwa. Na niseme mapema, wasomaji wengi wa mwongozo huu wanapaswa kununua. Kujenga ni kwa wachache, na nitaeleza ni akina nani.

Hedifoni yako inataka nini

Kampuni ya Stax ya Japani ndiyo iliyotoa hedifoni ya kwanza ya aina hii kuuzwa sokoni, SR-1, mwaka 1960, na vipimo vyake ndivyo wengi wanavifuata hadi leo. Modeli zake za zamani hutumia bayasi ya volti 230 na plagi ya pini 6. Zilizofuata, zenye alama ya Pro, hutumia volti 580 na plagi ya pini 5. Audeze CRBN na hedifoni za elektrostatiki za Dan Clark Audio nazo zimefuata volti 580. Koss ESP/950 ina volti 600 na plagi yake ya kipekee.

Plagi ya pini 5 inaingia kwenye soketi ya pini 6, na sauti itatoka ingawa hafifu, kwa kuwa bayasi ni ndogo. Ya pini 6 haiingii kwenye soketi ya pini 5, na imefanywa hivyo kwa makusudi. Usiichonge, usiikate pini. Hedifoni iliyotengenezwa kwa volti 230 ukiipa 580 unaichezea kamari.

Sasa hesabu, nayo si ngumu. Hedifoni nyingi za Stax hutoa desibeli 100 au 101 zikipewa volti 100. Kila ukizidisha volti mara mbili unaongeza desibeli 6. Kwa hiyo volti 400 zinakupa desibeli 112, sauti ambayo ukiisikiliza muda mrefu itakuharibu masikio. Unazihitaji kwa ajili ya vilele vya muziki tu, pale ngoma inapopigwa ghafla.

Upande wa mkondo, hedifoni hizi ni kapasita, yaani kitu cha kuhifadhia chaji, ya takriban pikofaradi 110 pamoja na waya wake. Kwenye masafa ya hezi 20,000, volti 400 zinadai miliampea 5.5 tu, na kilele chake kinakaribia 8. Ni kama maji ya shinikizo kubwa katika bomba jembamba. Amplifaya dhaifu haishindwi kwenye sauti ya kawaida. Inashindwa pale volti nyingi zinapotakiwa kupanda haraka, na utaligundua hilo kwenye ilimba ya Kigogo iliyorekodiwa vizuri: kidole kinapoachia ubamba, ule mpigo wa kwanza wa sauti unapoteza makali na mlio wa kando unageuka ukungu.

Unapolinganisha amplifaya, basi, uliza volti za juu kabisa inazotoa na mkondo wa kupumzika, ule unaopita hata bila muziki, wa transista au valvu (zile taa za kioo) za mwisho. Muuzaji asiyeweza kujibu hayo mawili usimlipe.

Pima umeme kabla ya kufungua pochi

Chukua multimita, pima soketi utakayotumia. Pima saa 1 asubuhi, saa 8 mchana, saa 2 usiku watu wanapopika na kuangalia televisheni, na saa 6 usiku. Fanya hivyo wiki nzima, andika kwenye daftari. Unachotafuta ni volti za chini kabisa na za juu kabisa. Jina ni 230, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini inaweza kushuka sana jioni na kupanda usiku wa manane.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya amplifaya nzuri kuna regyuleta inayoshusha volti ghafi hadi kiwango kimoja kisichotikisika. Tuseme volti ghafi ni 500 umeme ukiwa 230, na regyuleta imepangwa kutoa 450. Umeme ukishuka hadi 190, volti ghafi zinakuwa 413. Regyuleta haina tena cha kukata, na mvumo wa hezi 100 unapita moja kwa moja hadi masikioni. Ukiipanga itoe 400, saketi hiyohiyo inavumilia hata jioni mbaya. Unapoteza desibeli 1 tu ya kilele. Ndiyo maana kwa hapa kwetu ninachagua ±400, yaani volti 400 chanya na 400 hasi, na kuwaachia wengine ±450.

Stabilaiza husaidia, ila zile za bei rahisi hubadilisha hatua kwa rilei: unasikia "tak", na volti zinaruka kwa mkupuo. Ya mota, inayosogeza brashi taratibu, ni bora zaidi. Kama unatumia sola, hakikisha inveta ni ya pyua saini, yaani ya mawimbi laini. Zile za mawimbi ya ngazi zitaifanya transfoma inung'unike na kupata moto.

Halafu kuna ethi, yaani waya wa ardhini, na hili katika Dodoma nalitilia mkazo. Udongo wetu ukikauka kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, fimbo ya ethi iliyopigwa juujuu inakuwa pambo, kwa sababu udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aipime kwa kifaa chake mwezi Oktoba, si Machi. Kasha la chuma lenye volti 400 ndani na ethi isiyofanya kazi halifai kuwashwa. Na usijifariji kwamba una RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, kwenye ubao wa umeme: inaona hitilafu iliyo kabla ya transfoma. Ukishika volti 400 zilizo baada ya transfoma, RCD haitajua kama upo.

Ukinunua

Kwa anayeanza, chaguo langu ni SRM-252S ya Stax. Ni ndogo, inafika volti 280, na sifa ambayo kwingine haithaminiwi ni kwamba inakula volti 12 za DC, wati chache tu. Umeme ukikatika unaendelea kusikiliza kwa betri. Usiiunge moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa na sola, maana wakati wa kuchaji betri hupita volti 14. Weka kigeuzi kinachotoa 12 kamili, na soma mchoro wa plasi na mainasi ulioandikwa nyuma ya amplifaya kabla ya kuchomeka. Kwa hedifoni za Stax za familia ya Lambda inatosha kabisa. Kwa SR-007, hedifoni nyingine ya Stax ambayo inajulikana kwa ubishi wake, utaiona imechoka.

Juu ya hapo kuna amplifaya za Stax za umeme wa ukutani, zilizotumika na mpya. SRM-727, iliyokwisha kuachwa kutengenezwa, ina transista na inafika volti 450. Za valvu zina wapenzi wake, lakini valvu ni za kubadilisha, zinapandisha joto chumbani, na seti ya akiba itabidi uiagize nje. Mimi kwa Dodoma huchagua transista, na huwa sibishani sana na wapenda valvu. Masikio ni ya mtu.

Kileleni kuna kazi za Mmarekani Kevin Gilmore, ambaye aliachia michoro yake hadharani. Blue Hawaii inayouzwa na HeadAmp hutumia valvu nne za EL34, na bei yake ni ya kununulia gari dogo la mtumba. KGSSHV na toleo lake liitwalo Carbon ni za transista, zipo zilizojengwa na mafundi mbalimbali. Ukizinunua zimetumika, uliza nani alijenga, omba picha za ndani zilizo wazi, tazama usafi wa lehemu na kama waya za volti kubwa zimetenganishwa na za muziki. Kazi chafu kwenye picha haiwi safi ikifika.

Wengi wetu tunaagiza Japani kwa sababu bei ni nzuri. Hapo mtego ni volti 100. Amplifaya ya soko la Japani ukiichomeka kwenye 230 inakufa papo hapo. Baadhi ya modeli za zamani zinaweza kubadilishwa ndani, nyingi za karibuni haziwezi. Na transfoma za kushushia utakazoziona madukani mara nyingi ni za 110, kwa vifaa vya Marekani. Umeme ukipanda hadi 250, hiyo 110 inakuwa karibu 120, na kifaa cha 100 kinakaangwa taratibu bila wewe kujua. Tafuta fundi anayesuka koili za mota na transfoma, mpe kazi ya 230 kwenda 100, wati mara mbili ya zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Katika bajeti usisahau ushuru na VAT ya asilimia 18. Kama ina valvu, muuzaji azitoe na kuzifunga peke yake, la sivyo zitafika Dodoma zikiwa vigae.

Ikifika, iwashe bila hedifoni kwa nusu saa, unuse, uguse kasha. Kisha izime, weka volyumu sifuri, chomeka hedifoni, washa tena. Sauti ikiegemea upande mmoja, badilisha waya za kulia na kushoto kule zinakoingilia. Ubovu ukihama pamoja na waya, tatizo liko kwenye chanzo chako. Usipohama, liko kwenye amplifaya au hedifoni.

Ukijenga

Jenga kama tayari umewahi kujenga na kuikamilisha amplifaya yenye volti zaidi ya 200, una mtu wa kuwa naye chumbani, na una subira ya kuacha kazi usiku ukiwa umechoka. Kama mojawapo halipo, rudi juu kwenye ununuzi. Siandiki hivi kumtisha mtu. Kapasita moja ya maikrofaradi 470 iliyojaa volti 450 imebeba karibu jouli 48, na inabaki nazo hata baada ya plagi kuchomolewa. Amplifaya hii ina kadhaa.

Saketi ninayoipendekeza ni KGSSHV Carbon. KGSSHV ya mwanzo ilitegemea transista 2SC4686A ya Toshiba na 2SA1968 ya Sanyo, ambazo hazitengenezwi tena, na soko limejaa za kughushi: maandishi yaleyale, ndani kitu kingine kinachopasuka kwa volti 300. Carbon imebadilisha hatua ya mwisho na kuweka MOSFET (aina ya transista) za silikoni kabaidi, C2M1000170D, zinazovumilia volti 1700 na zinazopatikana kwa wasambazaji rasmi. Nunua transista zote kwao, hata ukilipa usafiri mkubwa. Kariakoo na maduka ya mjini hapa nunua skrubu, kasha, waya wa umeme wa ukutani, swichi, fyuzi na soketi.

Anza na usambazaji wa umeme peke yake, na usiguse bodi za amplifaya mpaka huo umekubali. Kwa volti ghafi 500, kumbuka umeme ukipanda hadi 255 zinafika 554. Kapasita moja ya volti 500 itapasuka. Weka mbili za volti 400 zikifuatana, kila moja na rezista yake ya kusawazisha, ambayo pia hunyonya chaji ukizima. Kati ya plagi na transfoma unga balbu ya wati 60 ya waya, ile ya zamani, kwa mfululizo. Ikiwaka kidogo na kufifia, mambo ni salama. Ikibaki inang'aa, kuna shoti, zima.

Tengeneza kifaa cha kutoa chaji: rezista ya kiloohmu 2.2 ya wati 10, waya wenye ala ya volti 1000, klipu upande mmoja na ncha ya kugusia upande wa pili. Klipu kwanza kwenye ethi ya kasha, kisha gusa kapasita kwa sekunde kumi, kisha pima. Kila mara, hata kama ulizima jana. Mkono mmoja mfukoni unapopima, viatu vya mpira miguuni, pete na saa mezani.

Joto nalo lina hesabu yake. Amplifaya ina matokeo manne, yaani sehemu za kutolea muziki, mawili kwa kila sikio. Ukipanga miliampea 16 kwa kila moja kwenye ±400, ni 800 mara 0.016 mara 4, sawasawa na wati 51 zinazotoka saa zote, muziki uwepo usiwepo. Regyuleta zinaongeza kama wati 13. Oktoba na Novemba, joto la mchana linapopita digrii 30, hitisinki (bamba la kupozea) ndogo haikufai. Weka kubwa pande zote mbili za kasha, mapezi yakisimama wima, na usiweke kasha kwenye kabati lililofungwa. Feni siipendi: inaleta kelele, tena inavuta vumbi.

Migongo ya hizo transista ina volti mia kadhaa wakati hitisinki iko kwenye ethi. Kinachozitenganisha ni kipande kidogo tu cha kuhami. Tumia vya kauri ya alumina, vinene, siyo mika nyembamba, na kila ukikaza skrubu pima kwa multimita kwamba hakuna mguso. Chembe moja ya chuma iliyobaki baada ya kutoboa inatosha kukiharibu. Osha hitisinki, pangusa, pitisha kidole.

Baada ya kulehemu, safisha bodi kwa alkoholi ya aisopropili hadi ing'ae. Mabaki ya fluksi, ile dawa ya kulehemia, wakati wa kiangazi hayana neno, ila mvua zikianza yananyonya unyevu na kuanza kuvujisha volti, ukasikia mikwaruzo usiyoijua inatoka wapi. Acha angalau milimita 8 kati ya kitu chochote chenye volti kubwa na kasha. Mwinuko wa Dodoma, takriban mita 1,100, hauna shida. Vifaa vingi hukadiriwa kufika mita 2,000.

Amplifaya hizi hukuza karibu mara 1000: milivolti 100 zikiingia, volti 100 zinatoka. Mvumo mdogo wa transfoma ukiingia kwenye waya wa muziki nao unakuzwa mara 1000. Kwa hiyo transfoma ikae mbali na viingilio, ikiwezekana kwenye kasha lake, na waya za kuingizia muziki ziwe na shildi, yaani wavu wa chuma unaozizunguka.

Ukiunganisha bodi, washa chaneli moja, bila hedifoni. Kuna marekebisho mawili: volti kati ya kila tokeo na ethi, na tofauti kati ya matokeo mawili ya chaneli moja. Hili la pili ndilo la muhimu, kwa sababu DC kati ya stata inauvuta utando upande mmoja kabla muziki haujaanza. Subiri nusu saa ipate moto ndipo urekebishe. Shusha tofauti hadi chini ya volti 1, na tokeo kwa ethi chini ya 10. Tumia bisibisi ya plastiki.

Bayasi iwe ya mwisho. Ina rezista ya kinga ya megaohmu 5 hivi, inayobana mkondo usizidi sehemu ndogo ya miliampea hata ukiigusa. Rezista hiyohiyo hudanganya wapimaji: multimita nyingi zina ukinzani wa ndani wa megaohmu 10, kwa hiyo ukipima kwenye soketi ya hedifoni, volti 580 zitasomeka 387 hivi. Mtu akiona hivyo anapandisha bayasi "irudi" 580, na utando unapewa karibu 870. Pima kabla ya rezista, siyo baada yake. Kwenye kila tokeo la muziki acha pia rezista za kiloohmu 5.1, kama Stax wanavyofanya, na soketi iwe ya tefloni.

Vumbi na masika

Utando uliochajiwa hunasa vumbi, na upepo wetu wa Julai na Agosti unalo la kutosha. Usiache hedifoni juu ya meza, iweke kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya boksi lake. Ukisikia mlio mwembamba wa filimbi au mikwaruzo upande mmoja, zima, iache hewani siku moja, jaribu tena. Ikiendelea, usiifungue na kuipuliza. Mate na shinikizo la mdomo vinamaliza kilichobaki. Ndani ya amplifaya piga brashi laini ya rangi kila baada ya miezi michache, baada ya kutoa chaji.

Mvua za kwanza zikishanyesha, pima tena ile tofauti ya volti kati ya matokeo, amplifaya ikiwa ya moto. Ikiwa imehama kwa volti chache, rekebisha. Ikihama kila siku, kuna kitu kinavuja, na mara nyingi ni fluksi.